Majeraha ya ngozi kwa wauguzi yanayosababishwa na vifaa kinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wauguzi na wakunga huulizana wanapokabidhiana zamu, na mara nyingi hayafiki kwa daktari wa ngozi kwa sababu anayeuliza huona aibu kulalamikia uso wake ilhali wodi imejaa wagonjwa mahututi. Majibu yake yanawahusu pia wafanya usafi, mafundi sanifu wa maabara na kila mtumishi anayevaa barakoa, miwani ya kinga, glavu, gauni au gambuti kwa saa nyingi.

Ni majeraha gani hasa yanayozungumziwa?

La kwanza ni jeraha la mgandamizo, linalotokea pale barakoa au miwani inapobana ngozi dhidi ya mfupa: kwenye mwamba wa pua, mifupa ya mashavu, paji la uso na nyuma ya masikio. La pili ni ngozi kulainika na kuchubuka kwa sababu ya jasho lililonaswa chini ya plastiki. La tatu ni mkwaruzo au mchaniko unaotokana na msuguano, hasa mtu anapovua kifaa kwa haraka. Kisha kuna ugonjwa wa ngozi unaotokana na kugusana na vitu vyenye kuwasha au kuleta aleji, ambao hushambulia zaidi mikono, pamoja na chunusi na vipele vya joto. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na haya yote katika wiki moja, na kila moja lina tiba yake, kwa hiyo kumwambia mtu tu kwamba “ni vifaa kinga” hakumsaidii.

Je, tatizo ni kubwa kiasi hicho, au ni watumishi kudeka?

Ni kubwa, na limepimwa. Baada ya mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, watafiti wa Singapore waliwauliza watumishi wa afya kuhusu ngozi zao, na asilimia 35.5 ya waliotumia barakoa za N95, zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo za hewani, walisema zimewadhuru, wengi wao wakitaja chunusi na mwasho usoni. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, utafiti uliowahusisha watumishi 4,308 wa hospitali 161 nchini China uligundua kwamba asilimia 42.8 walikuwa na jeraha la ngozi lililosababishwa na vifaa kinga, na kwamba kutokwa na jasho jingi na kuvaa kwa muda mrefu vilikwenda pamoja na majeraha hayo. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanywa katika jimbo la Hubei miongoni mwa watumishi 542 waliokuwa mstari wa mbele, ulipata asilimia 97. Tofauti hiyo isimshangaze msomaji, kwa kuwa utafiti wa Hubei ulihesabu hata ukavu wa ngozi na kuhisi ngozi inakaza, na wahusika wake walikuwa kwenye kitovu cha mlipuko.

Mwaka huo picha za wauguzi wenye alama za barakoa usoni zilisambaa duniani kote, na watu wakawaita mashujaa. Sifa hizo walistahili. Hata hivyo nadhani zilileta hasara moja: alama zile zilianza kuonekana kama nishani, ilhali ni majeraha ya kazini yenye sababu zinazojulikana, ambayo sehemu kubwa yake ingeweza kuzuiwa.

Kwa nini mwamba wa pua ndio unaoumia zaidi?

Hapo ngozi ni nyembamba na chini yake hakuna nyama wala mafuta ya kupokea uzito. Kuna mfupa na gegedu tu. Waya wa N95 unapobonyezwa ili barakoa ikae vizuri, mishipa midogo ya damu iliyo kati ya waya na mfupa hubanwa, na sehemu hiyo hukosa hewa ya oksijeni na lishe. Miwani ya kinga ikiwekwa juu ya barakoa, mgandamizo huongezeka mahali palepale. Jasho nalo hulainisha tabaka la juu la ngozi, na ngozi iliyolainika huchubuka kwa msuguano mdogo sana, kama ule wa kuongea na kugeuza shingo siku nzima. Utafiti wa Hubei ulionyesha kwamba waliovaa barakoa za N95 na miwani kwa zaidi ya saa 6 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuumia sehemu hizo.

Vitabu vinasema nitafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi nitafute nini?

Swali hili lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu muuguzi mwenye ngozi nyeusi anayesubiri kuona wekundu atagundua jeraha likiwa limeshapasuka. Ukivua barakoa, nawa mikono, kaa mahali penye mwanga wa mchana, kisha jitazame kwenye kioo ukilinganisha sehemu iliyobanwa na ngozi ya jirani. Rangi inaweza kuwa imekolea kuliko kawaida, ikaelekea zambarau au kijivu, au ngozi ikang’aa na kukaza. Gusa kwa mgongo wa kidole: sehemu iliyoanza kujeruhiwa inaweza kuwa na joto kuliko pembeni yake, au ikawa ngumu, au ikawa laini kama tope. Maumivu ni dalili pia, na mara nyingi hutangulia mabadiliko ya rangi.

Alama ya kawaida ya kubanwa hufifia baada ya muda mfupi tangu uvue. Ikiwa saa moja imepita na bado alama ipo, inauma au ina joto, ihesabu kuwa jeraha la mgandamizo la hatua ya kwanza, hata kama ngozi haijapasuka. Lengelenge au mchubuko ulio wazi ni hatua ya pili.

Nipake nini usoni kabla ya kuingia zamu?

Paka losheni au krimu nyepesi isiyo na manukato, angalau nusu saa kabla ya kuvaa, ili iingie kwenye ngozi na uso usibaki unateleza. Mafuta mazito yatokanayo na petroli, ambayo wengi huyaita vaselini kwa jina la jumla, hayafai chini ya N95, kwa sababu barakoa huteleza na kuacha mwanya wa hewa. Hayafai pia mikononi kabla ya kuvaa glavu za lateksi, yaani mpira wa asili, kwani huidhoofisha lateksi. Yatumie nyumbani unapolala. Hapo yanafaa sana. Vipodozi vizito vya uso navyo viachwe siku za zamu, kwani huziba vinyweleo na kuchafua barakoa.

Naruhusiwa kubandika plasta au kitambaa laini chini ya N95?

Jibu linategemea umebandika nini na umepima vipi. N95 hulinda kwa sababu kingo zake zimeshikana na ngozi pande zote, na chochote kinachoingia katikati kinaweza kuvunja mshikamano huo. Pamba, shashi iliyokunjwa, leso ya karatasi na plasta nene za kawaida zisitumike kabisa. Muuguzi anayezitumia hupata nafuu puani huku akivuta hewa isiyochujwa, na hana namna ya kulijua hilo kwa hisia tu.

Vilivyokubalika katika hospitali nyingi ni bandeji nyembamba sana za haidrokoloidi (zenye tabaka linalofyonza unyevu na kuwa kama jeli) au za silikoni, na vimiminika vya silikoni vinavyopakwa na kukauka kama utando. Bandeji hukatwa kipande kidogo kinachofunika mwamba wa pua tu, kingo zake zikikatwa kwa mviringo ili zisiinuke, na hubandikwa kwenye ngozi safi na kavu bila mkunjo hata mmoja. Kisha vaa barakoa, bonyeza waya kwa vidole vya mikono yote miwili ukianzia katikati kwenda pembeni, ifunike barakoa yote kwa viganja, na upumue nje kwa nguvu. Ukihisi hewa inapita kando ya pua au inakupiga machoni, rekebisha waya na ujaribu tena. Ukivuta hewa ndani, barakoa inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni. Ikishindikana, bandeji ndiyo inayoondoka. Barakoa isiyoshika haivumiliki. Hospitali yenye kipimo rasmi cha barakoa kwa kila mtumishi inapaswa kukirudia ukiwa umevaa bandeji hiyohiyo, kwa kuwa jaribio la viganja halichukui nafasi ya kipimo hicho.

Bandeji ni ya zamu moja. Baada ya kuvua vifaa vyote na kutakasa mikono, iloweshe kwa maji, ivute taratibu ikiwa sambamba na ngozi, na uitupe pamoja na taka zenye maambukizi. Kuinyofoa kwa haraka kunaweza kuondoka na ngozi yenyewe.

Kabla ya kufikiria bandeji, hata hivyo, jaribu barakoa ya umbo au saizi nyingine. Sura za watu hazifanani, na muuguzi mwenye pua pana anayelazimishwa kuvaa aina moja iliyonunuliwa kwa jumla atabonyeza waya kupita kiasi ili afunge mwanya.

Je, kuvaa barakoa mbili au glavu mbili kunaongeza ulinzi?

Barakoa ya upasuaji chini ya N95 huharibu mshikamano na huongeza joto, usifanye hivyo. Glavu mbili zina mahali pake, kama vile kwenye upasuaji na kwenye vituo vya kutibu Ebola, lakini katika wodi ya kawaida huongeza jasho tu.

Kamba za barakoa zinanikata nyuma ya masikio. Nifanye nini, hasa nikiwa navaa hijabu?

Kwa barakoa ya upasuaji, chagua ya kufunga kisogoni badala ya ile ya kutundika masikioni, au shona vifungo viwili vikubwa kwenye kofia ya kazi, kimoja kila upande juu kidogo ya sikio, na utundike kamba humo. Anayevaa hijabu anaweza kushona vifungo hivyo kwenye hijabu ya kazi, ambayo itafuliwa kila siku kama sare nyingine. N95 ni tofauti: kamba zake mbili zinatakiwa zikae imara, ya juu utosini na ya chini shingoni, na kitambaa kinachoteleza huzilegeza. Wengi huvaa kofia ndogo inayobana kichwa, kisha barakoa, kisha hijabu juu yake. Hakikisha tu kwamba hakuna kitambaa kilichoingia chini ya kingo za barakoa.

Mikono yangu imepasuka na kitakasa mikono kinachoma kama moto. Niache kukitumia?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea njia. Kinachopasua mikono ya wauguzi zaidi ni sabuni na maji, glavu zinazovaliwa mikono ikiwa na maji, na klorini. Alkoholi huchoma inapogusa ufa uliokwisha kuwepo, kwa hiyo mtu huilaumu, hurudi kwenye sabuni, na nyufa huongezeka. Katika utafiti wa Hubei, waliosafisha mikono zaidi ya mara 10 kwa siku ndio waliokuwa hatarini zaidi kuumia mikononi, na hakuna muuguzi wa wodi asiyefika mara 10. Kwa kuwa hatuwezi kupunguza usafi wa mikono, tunachoweza kubadilisha ni namna ya kuufanya.

Nawa kwa sabuni pale tu mikono inapoonekana kuwa na uchafu au majimaji ya mwili, baada ya kutoka chooni, na unapomhudumia mgonjwa wa kuharisha ambaye vijidudu vyake haviuawi na alkoholi. Nyakati nyingine zote tumia kitakasa mikono. Usivifanye vyote viwili kwa mfululizo. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, suuza sabuni hadi iishe hasa kati ya vidole, kausha kwa kugandamiza karatasi au taulo safi bila kusugua, na ungoje mikono ikauke kabisa ndipo uvae glavu. Pete ziachwe nyumbani, kwa kuwa sabuni hukaa chini yake.

Kitakasa chenyewe kinastahili kuchunguzwa pia. Hospitali nyingi za ukanda wetu hukitengeneza kwenye famasia zao kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, yaani ethanoli asilimia 80, haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 na gliserini asilimia 1.45. Gliserini hiyo, mililita 145 tu katika lita 10, ndiyo inayoilinda ngozi isikauke. Ikiwa watumishi wengi wa hospitali moja wanaanza kupasuka mikono kwa wakati mmoja, muulize mfamasia, kwa heshima, kama gliserini iliisha na matengenezo yakaendelea bila hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu mikono ni kupunguza glavu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki glavu kwa kupima shinikizo la damu, joto au mapigo ya moyo, wala kwa sindano ya msuli au ya chini ya ngozi, isipokuwa mgonjwa awe katika tahadhari maalumu za maambukizi. Anayevaa glavu tangu anaingia zamu hadi anatoka hupika mikono yake kwa jasho na kusambaza vijidudu kitanda hadi kitanda.

Nitajuaje kama nina aleji ya glavu?

Aleji halisi ya lateksi huja ndani ya dakika: mwasho, vivimbe vya ngozi kama vya kuumwa na siafu, macho kuvimba, mafua ya ghafla, na kwa wachache kifua kubana na presha kushuka. Hali hiyo ni ya dharura na hutibiwa kwa adrenalini. Mtu aliyewahi kuipata asiguse lateksi tena, na faili lake la kazini liandikwe hivyo. Glavu zenye unga ni hatari zaidi, kwa kuwa unga hubeba protini za lateksi hewani. Marekani ilizipiga marufuku Januari 2017.

Aina ya pili huchelewa siku moja hadi tatu, na husababishwa na kemikali zinazotumika kukomaza mpira. Kemikali hizo zimo pia katika baadhi ya glavu za naitraili, mpira wa viwandani usio na lateksi, ndiyo maana kubadili aina ya glavu hakumponyi kila mtu. Kwa hali hiyo daktari wa ngozi hufanya kipimo cha kubandika kemikali mgongoni. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kilichoanza 1992, kimefundisha wataalamu wa ngozi waliotawanyika katika nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo huenda hata katika hospitali ya mkoa wako yupo mmoja wao.

Kwenye milipuko ya Ebola na Marburg, ngozi iliyochubuka ina hatari gani ya ziada?

Virusi hivi huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka na kupitia utando wa macho, pua na mdomo. Katika mlipuko wa Marburg wa Rwanda wa 2024, walio wengi kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa walikuwa watumishi wa afya. Mkoa wa Kagera, Tanzania, uliukabili ugonjwa huo mwaka 2023 na tena 2025, na wenzetu wa Kivu Kaskazini na Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walivaa vifaa kamili dhidi ya Ebola kwa karibu miaka miwili, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Katika mazingira hayo mwenye kidonda wazi mkononi au usoni hapaswi kuingia eneo la wagonjwa. Apangiwe kazi za eneo salama hadi apone, na asionekane mwoga.

Katika joto letu, muda wa kukaa ndani na vazi kamili kwa kawaida ni dakika 45 hadi 60. Ukomo huo unalinda akili isichoke na unailinda ngozi pia. Kwenye gambuti vaa soksi ndefu kavu na uzibadilishe kila unapotoka, kwani miguu iliyolowa huota malengelenge na fangasi kati ya vidole. Kwa mikono mitupu, tumia kitakasa chenye alkoholi au sabuni na maji vikiwepo. Klorini ya asilimia 0.05 ni ya pale ambapo hakuna kingine, na ile ya asilimia 0.5 ni ya vifaa na sakafu, isiguse ngozi.

Jeraha limeshatokea. Nitibu vipi?

Ondoa kinachobana kwanza. Hakuna dawa inayoshinda mgandamizo unaoendelea. Ngozi isiyopasuka huhitaji kupumzishwa na krimu ya kulainisha. Ngozi iliyopasuka isafishwe kwa maji safi au ya chumvi ya hospitali, ifunikwe kwa bandeji yenye unyevu wa kutosha, na usipake spiriti, dawa ya meno wala majivu. Usitumbue lengelenge. Ukiona usaha, uvimbe unaosambaa, homa, au kidonda kwenye sikio kilichofikia gegedu, muone daktari siku hiyohiyo. Kwa mikono yenye ukurutu, daktari anaweza kukupa krimu ya steroidi kwa siku chache. Usijinunulie na kuendelea nayo kwa miezi.

Madoa meusi yamebaki usoni. Naweza kutumia krimu ya kung’arisha?

Ninakusihi usitumie. Madoa hayo ni rangi iliyobaki baada ya ngozi kujeruhiwa, na mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa ukijikinga na jua na kuzuia jeraha jipya. Mkorogo, uwe na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, huidhuru ngozi, na wenye steroidi huifanya kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba huchanika kwa barakoa ileile uliyokuwa ukiivumilia zamani. Anayetumia mkorogo tayari asifiche mbele ya daktari, maana bila kulijua hilo tiba yake itakwenda kombo.

Mkuu wa wodi anaweza kufanya nini kama bajeti ni ndogo?

Anaweza kupanga mapumziko, ambayo hayanunuliwi. Kila baada ya saa 2, au 4 ikishindikana kabisa, mtumishi atoke eneo la wagonjwa, avue kwa utaratibu, atakase mikono, na uso wake upate hewa kwa dakika chache. Jambo hili linahitaji kuandikwa kwenye ratiba pamoja na jina la atakayempokea, kwa kuwa muuguzi hatamwacha mgonjwa peke yake ili akapumzishe pua, na hapaswi kutakiwa afanye hivyo. Maji ya kunywa yawepo. Losheni isiyo na manukato iwekwe karibu na sinki. Anapoagiza barakoa, aombe angalau saizi mbili.

Je, jeraha la ngozi linahesabiwa kuwa la kazini?

Ndiyo. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, inataja magonjwa ya ngozi yatokanayo na vitu vyenye kuwasha na vyenye kuleta aleji. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri kuhusu vifaa kinga, na madai ya fidia hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya ina sheria mbili za 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya fidia kwa walioumia kazini. Zanzibar ina sheria zake.

Haki hizo hutegemea kumbukumbu. Siku unapoligundua jeraha, andika kwenye daftari la matukio la wodi tarehe, aina ya kifaa, saa ulizokivaa mfululizo, sehemu iliyoumia na jina la aliyepokea taarifa; piga picha ya jeraha hilo, ubaki na nakala, na umwombe daktari aliyekuona aandike kwenye cheti kwamba limetokana na kazi.